Magoti ya Bibi Dolan

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, hata la kuchekesha. Kiti kipya cha kupigia magoti kilikuwa kimebonyea.

Kusema kweli hakikuwa kipya. Mbao zake za mwaloni zilikuwa za zamani, ila Wamaitha alikuwa amezifanyia kazi. Alizipiga msasa, akazipaka vanishi, akang'oa sifongo kuukuu pale chini pa kuwekea magoti, akatia nyingine mpya na kuifunika kwa mahameli ya buluu. Ijumaa alikiacha mbele ya altare kimefura vizuri kama andazi. Jumamosi asubuhi, wenzake walipoingia na ndoo za rangi, mahameli yalikuwa na mabonyeo mawili, madogo, yamekaa sambamba.

"Nani huyu ameanza kusali kabla kanisa halijabarikiwa?" akatania Peterson Mutai, mwenyekiti wa ukarabati. "Huyo ana dhambi za haraka."

Watu wakacheka. Wamaitha akaipigapiga sifongo kwa kiganja mpaka ikainuka. Wakaenda kunywa chai, na waliporudi mabonyeo yalikuwa pale pale. Safari hii Wamaitha aliweka ndoo ya rangi juu yake, kana kwamba hakuona kitu.

Kikanisa chenyewe kilikuwa nyuma ya parokia moja huko Riverdale Park, Marekani, kimefungwa miaka mingi, njiwa ndani, dari limeoza. Watu wetu, yaani Wakenya wengi, Watanzania wachache na Wakongo waliokuja karibuni kutoka kambi za wakimbizi, walikuwa wakisali Misa yao ya Kiswahili katika ukumbi wa chini unaonuka supu. Paroko alikuwa Mmarekani mzee aliyewahi kukaa Musoma, na Kiswahili chake cha kule alikionea fahari. Mwaka ule wa 2008 aliwaambia kikanisa kile ni chao wakikitengeneza. Basi wakaita harambee.

Na watu wetu tunajua kuchanga, jamani. Ila kutajwa tunakujua zaidi. Kwenye harambee mtu hatoi kimyakimya. Husimama, hutajwa jina, hupigiwa makofi, na jirani yake hujikuta naye amesimama kabla hajafikiri. Edah aliahidi zulia la kanisa zima. Wanawake wakapiga vigelegele, na vigelegele vile vilimkera Wamaitha, maana yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa akina mama, wote wakimwita Chairlady. Mdomo ukamponza. Akasimama, akasema ataleta kiti cha kupigia magoti, cha mwaloni mtupu, wapige magoti maharusi na maaskofu. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya Edah.

Séraphine, mjane wa kutoka Uvira, alitoa ngoma ya kwaya. Hakusimama. Aliisogeza mbele tu, akarudi kukaa na binti yake Keza, na makofi aliyopata yalikuwa ya adabu. Ngoma hiyo aliichonga marehemu mumewe, Gédéon, walipokuwa kambini Kigoma.

Baada ya mabonyeo ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya peremende na poda ya watoto, na chini yake kitu kingine, kama shuka iliyolowa ikakaukia kitandani. Ilitokea saa za jioni, watu wakiwa wamechoka, ikapita katikati ya viti polepole, ikakaa. Nusu ya wanawake waliokuwa mle walifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Kila mmoja aliponusa, aligeuka pembeni kama anayejifuta jasho, akanusa mkono wa blauzi yake mwenyewe. Kila mmoja alidhani ameibeba kutoka kazini. Kwa aibu hiyo hakuna aliyeuliza, na harufu ikapata kukaa kwa raha zake.

Wawili tu hawakunusa nguo zao. Wamaitha alikuwa anaitazama sakafu. Séraphine alikuwa anamtazama Wamaitha.

Kisha ikaja sauti. Wanaofanya kazi ile wanaijua fremu ya kutembelea, ya vyuma vinne, ambayo wazee huivalisha mipira ya tenisi miguuni isikwaruze sakafu. Hukokotwa, ikatuliwa. Shwaa, tu. Shwaa, tu. Kwaya ikiwa katikati ya mazoezi, sauti ile ilianza nyuma mlangoni, ikaja mbele juu ya zulia la Edah, taratibu, ikipumzika kila baada ya hatua chache kama inavyopumzika ya mtu mwenye pumzi fupi. Besi wakaacha kuimba. Soprano wakaacha. Ilifika kwenye kiti cha kupigia magoti, ikanyamaza, na watu wakasikia wazi mifupa ya magoti ikilia, ko, ko, na mahameli yakabonyea mbele ya macho yao.

"Ni mabomba ya heater," Mutai akanong'ona. "Nyumba ya zamani hii. Ni mabomba."

Edah, ambaye haogopi mtu, alisema yeye haamini upuuzi. Akaenda, akapiga magoti palepale, akafanya ishara ya msalaba kwa mbwembwe. Watu wakamngoja. Akajaribu kuinuka, asiinuke. Akacheka kidogo. Akajaribu tena, na sasa hakucheka, maana alikuwa amehisi vidole vikimshika juu ya kiwiko, vidole vyembamba vyenye baridi vikimng'ang'ania kama anavyong'ang'ania mtu anayetaka kuinuliwa, na uzito wa mtu mzima ukamwegemea begani, ukaning'inia, ukamvuta chini mpaka paji la uso likagonga mbao. Walipomkokota kutoka pale, mkono wake ulikuwa na alama za vidole, nyekundu.

"Majini!" Edah alilia. "Kuna majini humu! Na mimi najua yameingia na nini!"

Akaonyesha ngoma.

Hapa niseme jambo tunalolijua wote na kulinyamazia. Sisi Wakenya, tukisali na Wakongo, tunawapenda kwa nyimbo zao na kuwaogopa kwa mengine. Mtu akiugua, utasikia: hawa watu wana mambo. Mbele yao tunawaita ndugu. Kwa hiyo Edah alipoonyesha ngoma hakuhitaji kueleza. Hata waliokuwa hawajawahi kuifikiria, waliitazama mara moja wakaona weusi wa ile ngozi, wakaona vile mbao ilivyochongwa mistari, wakashtuka kwamba hawakuona mapema.

"Hiyo drum ilitoka wapi, Mama Keza?" Mutai akauliza kwa upole wa mwenyekiti. "Tunauliza tu. Isi-offend mtu."

"Ni ya bwana yangu," Séraphine akasema. "Gédéon njo aliichonga. Ile ni mbao na ngozi ya mbuzi. Haina kitu."

"Huwezi jua alii-dedicate kwa nani," akasema mmoja wa nyuma.

Mutai akamgeukia Wamaitha. "Chairlady, wewe ndiye mkubwa wa akina mama. Unasemaje?"

Wamaitha alikuwa anajua. Tangu harufu ya kwanza alikuwa anajua, na moyo ulikuwa unampiga mpaka akaona kitambaa cha kifuani kinatikisika. Neno moja tu lingetosha. Alitazama viti vilivyopigwa msasa, nyuso zilizokuwa zikimngoja, Edah akishika mkono wake ulioumia, akafikiri vile watakavyomtazama.

"Mimi siwezi kujua ngoma ya watu imetoka wapi," akasema. "Lakini kanisa ni letu sote. Ikiwa kitu kinaleta hofu, kitolewe."

Séraphine hakubisha. Aliendelea kumtazama Wamaitha, kwa muda mrefu, na hakukuwa na hasira katika macho yale. Alikuwa anamngoja. Hilo ndilo lililomchoma Wamaitha kuliko chochote. Kisha akamvalisha Keza koti, akamfunga zipu mpaka kidevuni, wakatoka.

"Mommy, are they gonna give it back?" mtoto akauliza mlangoni.

Vijana wakaibeba ngoma, wakaitupa katika lile pipa kubwa la chuma nje, juu ya vipande vya dari na misumari yenye kutu. Jumatatu lori likaja likalichukua.

Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Sasa ya mwosha mwenyewe huijua nani?

Bibi Dolan alikuwa mgonjwa wa Wamaitha huko Germantown, katika nyumba ya mpwa wake, ghorofani. Mwanamke mkongwe, mwepesi, mwenye adabu, aliyenyonya peremende kutwa. Jina la Wamaitha lilimshinda, akamwita Wama. Kando ya kitanda kilikuwepo kile kiti cha mwaloni alichopewa siku ya ndoa yake, na alikuwa na ombi moja tu kila alasiri: ashushwe apige magoti, asali, kisha ainuliwe. Kanuni ya kazi ilisema mgonjwa yule anyanyuliwe na watu wawili. Ilikuwa rahisi: Wamaitha alishika zamu za siku za kazi, Séraphine zile za mwisho wa wiki, na walipopokezana walikuwa wawili. Séraphine kila mara alisema, "Tumushushe kwanza, Mama, njo uende." Na Wamaitha kila mara alikuwa na haraka. Alikuwa na kikao, alikuwa na harambee, barabara ingejaa magari.

Siku ile ya mwisho Bibi Dolan aliomba tangu mchana. "Wama, leo tafadhali." Wamaitha alikuwa kwenye simu na Mutai, wakibishana zulia la Edah lina uzito gani. Aliinua kidole kumwambia Bibi asubiri. "Baadaye, Bibi," akasema. Akateremka jikoni asisumbuliwe, akazungumza, akacheka, akakaanga yai. Aliporudi juu, kitanda kilikuwa kitupu. Bibi Dolan alikuwa sakafuni. Alikuwa amejikokota na fremu yake mpaka kwenye kiti, akashindwa hapo, na mkono mmoja ulikuwa umeshika ubao wa kuwekea magoti kwa nguvu kiasi kwamba Wamaitha alilazimika kuvikunjua vidole, kimoja kimoja.

Alimrudisha kitandani. Alimbeba peke yake, na alikuwa mwepesi, kanuni au hakuna kanuni. Akambadilisha nguo, akampaka poda, akamfunga mikono kifuani kwa rozari, ndipo akapiga simu kwamba Bibi amelala usingizi wa amani. Mpwa alilia begani pake. Akamwambia achague kitu chochote cha kumkumbuka Bibi, yeye aliyesali naye mpaka mwisho.

Na Wamaitha, ambaye alikuwa ameahidi mbele za watu, akachagua kile kiti.

Ngoma ilipotupwa, kikanisa kilitulia kwa muda mfupi, watu wakatazamana kwa kuridhika: mmeona? Kisha harufu ikarudi. Hawakusema. Walikwisha kumtoa mtu kwa ajili yake; wangesemaje? Walipaka rangi haraka wakiwa wameziba pua, wakaondoka kabla ya giza, kila mtu na kisingizio chake.

Siku moja kabla ya baraka, Wamaitha alikuja peke yake alasiri kutandika kitambaa cha altare. Ilikuwa Novemba, na Novemba ya huku jua huaga mapema kama mgeni asiyependa chakula chako. Alikunjua kitambaa, akakinyoosha kwa viganja, na nyuma yake mlango ambao alikuwa ameufunga kwa ufunguo ukasukumwa taratibu.

Shwaa, tu.

Hakugeuka. Aliendelea kunyoosha mahali palipokuwa pamenyooka, akisema Salamu Maria bila kuvuta pumzi, na sauti ikaja, ikapumzika, ikaja tena, na harufu ya peremende ikamtangulia ikamwingia puani na mdomoni mpaka akaionja, na akahisi baridi ikipanda kutoka visigino kama mtu aliyeingia mtoni, na akajua bila kuona kwamba kitu kimesimama nyuma ya bega lake la kushoto, mahali hasa ambapo mgonjwa husimama akingoja kushikwa, na pumzi fupi, yenye mkoromo, ikamgusa shingoni, na vidole, vile vile alivyovikunjua kimoja kimoja, vikatafuta kiwiko chake, vikakipata, vikafunga.

"Wama," ikasema, kwa kile Kiingereza chake cha adabu. "Sasa ndiyo baadaye?"

Wamaitha alipiga kelele, lakini mkono haukumwachia. Alijaribu kumshusha Bibi apige magoti. Alipitisha mkono wake hewani, ukakuta kiuno chembamba chini ya kitambaa cha gauni la kulalia, na uzito uliomjia haukuwa ule wa siku ile. Ulikuwa uzito wa mawe, ukamwangusha chali mbele ya altare, ukamlalia kifuani. Mtu mmoja hakutosha. Akiwa pale chini, kwa mkono uliobaki huru, aliitoa simu mfukoni akampigia mtu pekee duniani ambaye angeelewa.

"Séraphine. Yuko hapa. Bibi yuko hapa."

Kisha Séraphine akasema, "Najua iko pale. Tangu siku ya kwanza nilimusikia harufu."

"Ulijua? Na hukusema?"

"Nilikuwa nangojea useme weye."

Alikuja kwa miguu, amevaa koti juu ya sare ya kazi. Hakusali kwa sauti, hakumwaga maji. Alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye benchi. Akamsaidia Wamaitha kujiinua, uzito ukiwa umemning'inia begani, akaenda upande wa kulia wa kile kisichoonekana, akapinda magoti, akanyoosha mgongo, kama tunavyofundishwa wote siku ya kwanza ya kazi.

"Mushike huku, chini ya kwapa. Usimuvute. Bibi, ni siye. Tunakushusha sasa. Moja. Mbili. Tatu."

Wakamshusha. Uzito ukagawanyika kati yao, ukawa wa kibinadamu. Mahameli yakabonyea. Wakakaa wamemshika, kila mtu na upande wake, na kwa muda ambao Wamaitha hakuweza kuupima wakasikia mnong'ono wa kizee ukipanda na kushuka, ukirudia majina ya watu waliokufa kabla wao hawajazaliwa. Wamaitha alilia bila sauti, machozi yakamwingia mdomoni. Hakuweza kujifuta.

Mnong'ono ukakoma.

"Amemaliza," Séraphine akasema. "Tumuinue. Moja. Mbili."

Waliinua, na katikati ya kuinua mikono yao ikabaki mitupu, wakayumba wakagongana vichwa. Harufu ilikuwa imekwenda. Palibaki ya rangi mpya tu.

Wamaitha akataka kumshika mikono. Séraphine akaitoa. "Sikukuja juu yako," akasema. "Nilikuja juu ya ule mama." Akachukua koti lake.

Mlangoni alipishana na Mutai, aliyekuwa ameleta maua na kusimama pale kwa muda, uso umempauka. Wamaitha akamweleza yote, akimfuata huku na huku maana Mutai hakutaka kukaa. Kuhusu simu. Kuhusu yai. Kuhusu sakafu.

"Sasa ameenda, ama?" Mutai akauliza mwishoni.

"Ameenda."

"Basi, Chairlady, sikiza. Kesho tuna wageni. Watu wanaamini ilikuwa ile ngoma, na wametulia. Iache tu ikae ni ngoma. Tuta-deal na Mama Keza polepole."

Jumapili ilikuwa nzuri, ukitaka kujua. Paroko alinyunyiza maji, kwaya iliimba bila ngoma, wakapiga makofi mahali pa mapigo. Mutai akasoma majina ya waliojitolea. Edah alisimama na zulia lake. "Na Chairlady wetu, Mama Wamaitha!" Akasimama. Vigelegele vilipasua dari jipya. Alifungua kinywa, akaona tabasamu zote zile, akakifunga, akainamisha kichwa, na watu wakasema ona unyenyekevu. Alikaa chini akijichukia.

Hakungoja pilau. Alitembea mpaka kwenye lile jengo la matofali ambalo nusu ya kwaya yetu inaishi, Edah akiwa ghorofa hiyohiyo ya Séraphine, akapiga hodi. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo umekaza, jicho la Keza likatokea.

"Mama yuko, mwanangu?"

"She says to tell you she's not here."

"Mwambie..." Akatazama ngazini. "Mwambie nimekuja kuomba..."

"You can just say it," Keza akasema. "She can hear you." Kisha akaufunga mlango.

Wamaitha alisogeza mdomo karibu na mbao. Akanong'ona kwamba anaomba msamaha, kwamba alikuwa anajua, kwamba ngoma haikuwa na kosa. Kwenye ngazi watu walikuwa wanapanda kutoka kanisani, wakicheka, na sufuria za pilau mikononi. Akashusha sauti zaidi.

Séraphine akajibu kutoka ndani, karibu kabisa, kama aliyekuwa ameegemea upande wa pili.

"Sema kwa nguvu, Mama. Kule kanisani walisema kwa nguvu."

Edah alitokea juu ya ngazi na sufuria yake. Nyuma yake walikuwa soprano wawili na mume wa mmoja wao. Wote wakasimama. "Chairlady, ni nini? Tena kwa huyu?"

Wamaitha alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, akageuka mgongo ukagusa mlango.

"Ngoma ya Séraphine haikuwa na kitu," akasema. "Lile jini nililileta mimi."

"Ati nini?"

Mlango nyuma yake haukufunguka. Wa jirani ukafunguka, na wa mwisho wa korido, na mzee mmoja akatoka na sahani yake. Wamaitha akaanza tena kuanzia kwenye simu, kwa sauti zaidi.